Chokaa ya Kwanza

Sitawaambia alizaliwa lini wala baba yake aliitwa nani. Hayo sikumuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kuulizwaulizwa. Mimi nilimjua kwa mikono. Ngozi ya vidole vyake ilibabuka na kuota upya miaka nenda miaka rudi, hata ikawa laini na nyeupe kama ya mtu aliyeshinda anafua. Ukimpa mkono unaona kama umeshika karatasi. Ni chokaa iliyomfanya vile. Mtaa mzima hapa Kariakoo tulimwita Fundi, na mgeni akiuliza fundi yupi, tunamwambia Fundi Chokaa, basi anaelewa.

Kazi yake ilikuwa kupaka nyumba. Si hizi rangi za ndoo zenye picha ya mzungu anacheka. Chokaa. Mfungo ukikaribia alikuja na pipa lake, brashi ya katani iliyofungwa kwenye mti mrefu, na kopo la chumvi. Chumvi huchanganywa humo ili ukuta ukikauka usikupake nguo. Hakuitwa. Alisimama mlangoni mwangu akapiga hodi, akasema maneno yale yale:

"Bi Mkubwa, nyumba inataka kuoga."

"Nyumba inataka kuoga, au wewe ndiye unataka kula?"

"Vyote viwili. Ila nyumba kwanza."

Nyumba yangu ni ya Kiswahili, vyumba huku na huku, ukumbi katikati, uani nyuma. Marehemu mume wangu aliijenga nilipokuwa bado mwali. Siku hizi imebanwa na maghorofa kulia na kushoto kama mtoto aliyelazwa katikati ya wazee. Chumba kimoja cha mbele kina duka la Mangi, mtu wa Kilimanjaro, anauza vyombo vya plastiki, mdomo wake haufungi hata kwa kufuli. Wachuuzi wamepanga viatu mpaka barazani kwangu. Moshi wa bodaboda unapanda ukutani kutwa. Lakini nawaambia kweli, hakukuwa na nyumba nyeupe kama yangu kuanzia Mnazi Mmoja mpaka Msimbazi, na mimi nilijivuna nayo. Watu wanajivunia watoto waliosoma. Mimi nilijivunia ukuta.

Chokaa ikiwa mbichi haionekani. Inakaa kama maji ya mchele, unaona ukuta uko vile vile, unadhani umeibiwa. Fundi alikuwa na jibu lake: "Leo utanitukana, Bi Mkubwa. Kesho utanyamaza." Na kweli kesho yake ukuta unaumiza macho.

Sikunyamaza hata hivyo. Mimi nilimfuata nyuma na mkongojo, nikinyoosha. "Pale. Na pale. Chini ya dirisha hapo umeruka, au macho yameenda likizo?" Alirudi akapapaka bila kununa. Mangi alisema dukani kwamba nikifa nitamtuma malaika amalize kona. Na aseme. Sijawahi kumwacha Fundi aondoke na doa nyuma yake.

Alikuwa na mambo yake ambayo sikuyaelewa. La kwanza, hakuegemea ukuta. Mtu anapaka kutwa nzima juani, ukimpa chai anakwenda kukaa katikati ya uwanja juu ya ndoo, mgongo hewani kama anayesubiri kunyolewa. Nilimwambia, "Egemea, Fundi, ukuta haung'ati." Akasema yeye kazoea. La pili, hakupita kwenye nyumba inayobomolewa. Hapa Kariakoo wanabomoa kila siku, leo ni nyumba, kesho ni shimo la ghorofa, na yeye angezunguka mitaa mizima, na pipa kichwani, asipite penye kifusi. La tatu, alikuwa mkarimu wa kila kitu ila jiwe. Siku moja mwanangu aliokota jiwe ng'ambo ya barabara akaegesha nalo mlango. Fundi alilinyanyua, akavuka nalo, akalirudisha kule kule lilikotoka. Tulicheka mpaka machozi.

Na kulikuwa na usemi wake mmoja. Akimaliza kazi, akisuuza brashi, anaiangalia nyumba anasema, "Mimi na hii tumekuja pamoja." Nilijua maana yake kwa juu juu. Yeye ni mtu wa Kilwa Kisiwani. Alifika mjini kijana, ameletwa na magunia ya chokaa yaliyoshushwa bandarini, na mume wangu ndiye aliyeyanunua kujengea nyumba hii, lipu na kupaka. Yule kijana akaja na mzigo, akapewa kazi ya kupaka, hakurudi kwao tena. Ndivyo walivyokuja pamoja. Zaidi ya hapo sikufikiri. Nani anafikiria chokaa imetoka wapi?

Mdomo wake ukifunguka, ulifunguka kwa Kilwa. Huyu ndiye mtu aliyewalea wanangu na wajukuu zangu kwa majumba ya masultani. Mjukuu wangu Zuhura, ambaye leo ni mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akimsubiri kuliko Idi yenyewe.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mchumba wangu. Nani kakuchana vibaya hivi? Nitamwoa mwingine."

Halafu anachovya kidole kwenye chokaa, anawachorea watoto sakafuni mwa uani. Hapa ni bahari. Hili ni Gereza, ngome iliyokaa mguu mmoja majini. Huu ni Msikiti Mkuu na vikuba vyake. Na hapa, juu ya jabali, ni Husuni Kubwa, jumba lenyewe, vyumba huhesabu ukamaliza, ngazi zinashuka mpaka baharini. Katikati ya jumba anachora bwawa la kuogea, la pembe nane. Watoto wanarukia ndani ya mistari ya chokaa wanajifanya wanaogelea. Aliwaonyesha nakshi za juu ya milango kwa vidole hewani, maua yanashikana mikono, aliyajua utadhani aliyachonga mwenyewe.

"Sasa mbona limevunjika, babu?"

"Mvua," anasema. "Mizizi. Dunia." Anafuta mchoro kwa mguu, anarudi kazini.

Mtu anayependa kwao namna ile, ungedhani anakwenda kila mwaka. Hakwenda. Mama yake alifariki, alituma sanda. Barabara ikawekwa lami, basi la asubuhi linafika mchana, hakwenda. Mangi alimchokoza: "Mzee unatupiga kamba. Wewe ni wa Ilala tu, Kilwa umeiona kwenye kalenda." Fundi anacheka, anachovya brashi.

Sasa Zuhura na kinamama wa kikundi chetu wakapanga ziara. Wakakodi Kosta, twende Kilwa tukaone majumba, tulale Masoko, turudi. Mangi naye akajitia, akasema hawezi kuachwa na wanawake. Wote wakasema Fundi ndiye wa kutuongoza, tumemsikiliza maisha yetu yote. Fundi akakataa. Akasema mgongo. Akasema kazi. Akasema hana shati.

Hapo ndipo nilipoingia mimi, na ningeomba nisingeingia. Nilimkalisha uani juu ya ndoo yake nikamwambia mbele ya watu, "Umewadanganya watoto wangu miaka yote hii? Ama una wake uliowatelekeza kule, wanakusubiri na mwiko?" Watu wakavunjika mbavu. "Mwanamume mzima unaogopa magofu. Usipokwenda, nyumba yangu hupaki tena. Nitaita vijana wa rangi ya ndoo."

Aliniangalia. Hakucheka.

"Bi Mkubwa, unanitaka niende kweli?"

"Nakutaka uende."

"Haya. Nitaenda kwa sababu umesema wewe."

Njia nzima alikaa mbele karibu na dereva. Tulivuka Rufiji tukala mihogo, tukapita Nangurukuru, kinamama wanaimba, yeye anatazama barabara. Kesho yake tukavuka kwenda Kisiwani na boti ya mashine. Gereza lilipojitokeza, mguu mmoja majini, Zuhura alipiga kelele: "Babu, liko vile vile ulivyochora!" Wote tukampigia makofi. Yeye akaishika kofia yake kwa mikono miwili, akashuka majini bila kukunja suruali.

Kijana mtembezaji wa pale kisiwani alikuwa na adabu na maneno mazuri. Alitutembeza msikitini, na mimi, ambaye sishangai ovyo, nilisimama chini ya zile kuba nikasahau magoti yangu. Halafu tukaenda Husuni Kubwa, mwendo mrefu kidogo, mibuyu huku na huku. Nilipoliona lile bwawa la pembe nane nilikaa ukingoni. Nilikuwa nimeliona sakafuni kwangu mara ngapi, na limekuja kuwa la kweli.

Kijana akatuonyesha ukuta uliobaki. Akasema hapa juu ya mlango palikuwa na mawe ya nakshi. Mengine yalianguka yenyewe. "Mengine wenyeji walikuja wakayachukua wakachomea chokaa. Hawakujua thamani yake."

"Washamba kweli!" Mangi akasema. "Jumba la mfalme unalitia tanuruni!"

Kinamama wakasikitika kwa sauti. Fundi alikuwa nyuma yetu wote, kofia mkononi.

"Mimi nilijua," akasema.

Tukageuka.

"Msiseme hatukujua. Mimi nilijua." Akamsogelea yule kijana kama anayejibu swali la shule. "Jiwe la baharini lina maji ndani, linakula kuni nyingi, linakupasukia usoni. Jiwe la hapa limekaushwa na jua tangu enzi hizo, linaiva upesi, chokaa yake nyeupe peee. Tulikuja adhuhuri, watu wakiwa wameingia kusali. Bibi yangu aliniambia, msiguse, wenyewe hawajaondoka. Nikaja. Jiwe la juu ya mlango huu lilikuwa na ua. Nilisimama nikalitazama. Nikaona kazi ya mtu. Nilipoliweka tanuruni niligeuza uso wake chini, nisilione likiungua."

Kinamama wakageukia ule mlango. 

"Mzee wangu, mimi sikukusudia wewe," kijana akasema, ameikasirikia nafsi yake.

"Najua mwanangu. Umesema vizuri. Ila ongeza na hilo, kwamba yuko aliyejua."

Mangi, ambaye Mungu hakumpa breki, akauliza, "Na hiyo chokaa ilikwenda wapi, mzee?"

Fundi akaniangalia. Halikuwa jicho la kunishitaki. Aliniangalia kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa vizuri, basi. Ndipo nilipoelewa. Magunia. Bandari. Mume wangu. Mimi na hii tumekuja pamoja. Ule weupe wangu wote, majivuno yangu yote, pale na pale, umeruka pale.

"Ilikwenda Dar," akasema Fundi.

"Dar wapi?"

"Dar ni kubwa, Mangi."

Alinifunika. Mbele ya watu wote wale, yeye amejivua nguo, mimi akanifunika. Nilikuwa na nafasi ya kufungua mdomo. Mdomo ambao haujawahi kukosa neno kwa doa la chini ya dirisha. Nilitazama kandambili zangu nikasema, "Twendeni, maji yanakupwa, boti itakwama."

Hayo ndiyo niliyosema. Maji yanakupwa.

Tuliporudi, habari ilitangulia mtaani. Watoto aliowachorea bwawa sasa wanamwimba: Mchoma Jumba, Mchoma Jumba. Watu wazima wanamuuliza kama ana tanuru lingine, pale ghorofani kuna mawe. Mangi anasimulia dukani kila anayekuja kununua beseni, na kila akisimulia ua linakuwa kubwa zaidi. Mimi niko ndani, ukuta mmoja tu kati yetu, nasikia. Ukuta gani? Ule ule. Nilikuwa nikilala naugeukia, nikaanza kulala nimeupa mgongo, na hapo pia sipati usingizi.

Mfungo ukakaribia. Fundi hakuja. Ukuta ukapiga weusi wa moshi, ukachubuka barazani. Zuhura akasema, "Bibi, si tuite vijana wapake rangi ya plastiki? Hii inaoshwa kwa sabuni."

"Nani kakuambia nataka kuosha?" nikamfokea. Masikini, hakuwa na kosa.

Nikachukua mkongojo wangu nikaenda Ilala kwake. Hapafiki watu wengi pale, chumba kimoja, nyuma ya karakana ya vitanda vya chuma. Alikuwa amekaa katikati ya chumba juu ya ndoo. Brashi imening'inizwa msumarini, imekauka kama mkia wa ng'ombe aliyekufa.

"Bi Mkubwa. Umekuja mpaka huku?"

"Nimekuja. Nyumba inataka kuoga."

Akatabasamu kidogo. "Uliniambia utaita vijana."

"Niliropoka."

"Hapana, ulisema kweli. Sikutaka kwenda, ukanipeleka. Umenisaidia."

"Usinishukuru, Fundi. Tafadhali usinishukuru." Nilikaa kwenye kitanda chake. "Kwa nini hukusema ilikwenda wapi?"

Akainua mabega. "Wewe ulikuwa bibi harusi. Ulipewa nyumba nyeupe, ukafurahi. Kosa lako liko wapi?"

"Siku ile sikuwa na kosa. La kwangu ni la juzi."

Alisikiliza vijana wanavyogonga vyuma huko nje. Mwisho akasema, "Nitakuja. Lakini kuna kitu nataka kufanya pale mlangoni, na usininyooshee mkongojo."

Akaja. Alikuwa amedhoofu, Zuhura akamshikia mti wa brashi. Kabla hajachanganya chokaa alichukua kisu, akapiga goti kando ya mlango wa mbele, akaanza kukwangua. Chokaa ya mwaka jana ikatoka. Ya mwaka juzi. Ngozi juu ya ngozi, zilikuwa nene kama ganda la mkate. Akakwangua taratibu, anapuliza vumbi, mpaka akafika chini kabisa, kwenye ya kwanza. Nilidhani itakuwa nyeupe kuliko zote. Haikuwa. Ilikuwa na umanjano kidogo, kama jino la mtu mzima. Sehemu yenyewe haikuzidi sinia. Akaweka kiganja chake pale, akakiacha muda, halafu akainuka akapaka nyumba nzima, mbele na ubavuni, akazunguka lile sinia kwa uangalifu kama unavyozunguka jicho la mtu ukimpaka poda.

Alipomaliza akasuuza brashi. Hakusema maneno yake. Alisimama akinitazama, na mimi nimesimama na mkongojo wangu.

Mangi akatoka dukani, kikombe mkononi, na wateja nyuma yake, na wachuuzi wa viatu wakageuka kusikiliza, maana wanajua ni saa ya mimi kufoka.

"Aah, Fundi, leo umezeeka! Umeruka pale karibu na mlango. Bi Mkubwa, huoni?"

"Naona."

"Sasa?"

"Hakuruka yeye," nikasema. Sauti yangu haikuwa nzuri, lakini ilisikika mpaka ng'ambo. "Mangi, siku ile Kilwa uliuliza chokaa ya jumba ilikwenda wapi. Ilikuja hapa. Ndiyo hiyo. Mume wangu aliinunua, mimi nikaivaa miaka yote, na mlipomcheka huyu mzee nilijua, nikanyamaza. Mkiimba tena Mchoma Jumba, mniimbe na mimi, mlango ni huu hapa."

Mangi aliweka kikombe chini barazani, akavua kofia.

Sikumwangalia Fundi, niliogopa. Nilisikia tu pipa likiwekwa chini na pumzi ya mtu mzima anayekaa. Nilipogeuka alikuwa ameketi barazani pangu, kando ya lile sinia, miguu ameinyoosha. Ameegemea ukuta. Chokaa ilikuwa mbichi bado, inamwingia shatini mgongo mzima, kichwa amekilaza nyuma na macho ameyafumba, na sikuwa na moyo wa kumwambia ainuke.